Namba ya 30 si lazima ubongo umekosa hewa

Barazani Wete jamaa alitusimulia: ami yake, macho manjano kama binzari kwa mrija wa nyongo kuziba, alipasuliwa Dar es Salaam, na kipimo cha oksijeni ya ubongo kikasoma 30. Kila mtu akahitimisha kuwa ubongo uliumia. Mbona ami karudi, na bao anatufunga kama kawaida?

Kipimo hicho hubandikwa kwenye paji la uso. Hupitisha mwanga ulio nje kidogo ya wekundu, usioonekana kwa jicho, hadi sehemu ya mbele ya ubongo, kisha hukadiria damu yenye oksijeni na isiyonayo. Kwa kawaida husoma kati ya 60 na 80 kwa mia.

Sasa, umanjano hutokana na bilirubini, rangi ya manjano iliyomo kwenye nyongo, na rangi hiyo haikai machoni tu. Hujaa kwenye ngozi na tishu nyengine. Ikizidi, hunyonya mwanga njiani. Unaorudi ni hafifu, na mashine, maskini, husoma chini. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni hakisumbuliwi hivyo, kwa sababu hufuata mapigo ya damu.

Kwa hiyo daktari wa nusu kaputi huanza kupima mgonjwa akiwa macho bado. Kipimo kikisoma 30 huku mgonjwa anajibu salamu, hiyo ndiyo namba yake ya kuanzia. Kinachofuatiliwa ni mabadiliko. Hata hivyo, mwanga ukiwa hafifu mno, hata mabadiliko yanaweza kufichika, ndiyo maana presha na wingi wa damu haviachwi kutazamwa.