Je, wajua kwa nini meli tupu ndiyo ya kuogopwa?

Meli ya mizigo ikishafanya kazi miaka 25 hivi, gharama za kuitunza huanza kuipita faida yake. Mwenyewe huiuza kwa uzito wa chuma, nayo hufunga safari ya mwisho kwenda kuvunjwa. Shehena imeshushwa, matangi yamekaushwa, ndani wamo mabaharia wachache wa kuifikisha tu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba meli ikifika hapo hatari yake imekwisha. Hatari niliyoijua ni ya mafuta: yamwagike baharini au yashike moto. Mafuta yakitoka, nilidhani, kinachobaki ni chuma, na chuma hukatwa kwa nguvu na uangalifu wa kawaida. Nilikosea, tena si kidogo. Shirika la Kazi Duniani (ILO) linaihesabu kazi ya kuvunja meli miongoni mwa kazi za hatari zaidi duniani. Wengi wanaoumia huanguka kutoka juu au huangukiwa na mabamba ya chuma, na hilo mtu yeyote angelikisia. Nisilolijua ni kwamba kuna hatari nyingine zinazoanzia pale pale nilipodhani zinakomea, yaani meli inapokuwa tupu.

Tuanze na tangi la mafuta. Mafuta yenyewe, yakiwa katika hali ya umajimaji, hayawaki. Kinachowaka ni mvuke wake, tena mpaka uchanganyike na hewa kwa kiasi fulani. Kwa mvuke wa mafuta ghafi kiasi hicho ni kati ya asilimia 1 na 10 hivi. Ukipungua hapo hauwaki, ukizidi hewa haitoshi kuuwasha. Sasa, tangi lililojaa hadi shingoni halina nafasi ya mchanganyiko huo. Tangi lililomwagwa lina nafasi tele. Kuta zake bado zimelowa, chini limebaki tope zito, na magamba ya kutu yamekuwa yakinyonya mafuta tangu meli ilipokuwa mpya. Mkata chuma akilipasha joto bamba kwa upande wa nje, magamba ya upande wa ndani huanza kutoa mvuke upya, hata kama asubuhi tangi lilipimwa likaonekana safi.

Tarehe 1 Novemba 2016, huko Gadani, ufukwe wa kuvunjia meli nchini Pakistan, meli ya mafuta ililipuka wafanyakazi wakiwa ndani yake. Waliokufa walizidi 20, na moto uliwaka kwa siku kadhaa. Meli ile haikuwa na shehena ya kupeleka popote. Ilikuwa imekuja kuvunjwa.

Wanaoendesha meli kubwa za mafuta wanalijua jambo hili, ndiyo maana husukuma ndani ya matangi gesi isiyosaidia moto, mara nyingi moshi wa boila uliosafishwa, mpaka oksijeni ishuke chini ya asilimia 8. Hewa tunayoivuta ina oksijeni asilimia 21 hivi. Chini ya 8 mvuke hauwezi kuwaka, lakini binadamu naye hawezi kuishi. Tangi lililo salama kwa moto linaua mtu. Na ukitaka kulifanya salama kwa mtu kwa kulipuliza hewa, bila kwanza kuuondoa mvuke wa mafuta, utalipitisha katikati ya kile kiasi cha kulipuka. Ni lazima mambo hayo yafuatane kwa mpango, na mpango huo lazima uwe mikononi mwa mtu anayejua tangi lile lilibeba nini.

Hata hivyo lililonishangaza kuliko yote ni tangi ambalo halijawahi kubeba mafuta hata tone. Chukua tangi la balasti, lile linalojazwa maji ya bahari ili meli isiyumbe inapokuwa haina mzigo. Au chumba cha mnyororo wa nanga. Ni mahali pakavu, patupu, hapana harufu yoyote. Mtu anafungua kifuniko, anashuka ngazi, na hapandi tena.

Kinachomuua ni kutu.

Weka mshumaa unaowaka juu ya sahani, uufunike kwa glasi. Mwali utanywea na kuzimika, kwa sababu umeipunguza oksijeni iliyokuwa ndani na nyingine haiingii. Kutu hufanya kazi hiyohiyo bila mwali wala moshi. Chuma kinachukua oksijeni ya hewa na kuifungia ndani ya ule unga mwekundu tunaoufuta kwa kidole. Tofauti iko kwenye mwendo: mshumaa unazimika kwa sekunde, kutu inakwenda pole pole. Juu ya sitaha hakuna anayeisikia, maana upepo huleta hewa mpya kila wakati. Ndani ya tangi lililokazwa bolti hewa ni ileile iliyofungiwa siku ya kufunga kifuniko, na imezungukwa na chuma juu, chini na pande zote, pamoja na unyevu wa chumvi unaoharakisha kutu. Glasi yetu sasa ina ukubwa wa nyumba, na badala ya mshumaa mmoja kila ukuta unakula hewa.

Inachukua muda gani? Hilo hutegemea rangi iliyobaki ukutani, joto, unyevu na ukubwa wa tangi. Kwa hiyo hakuna kukisia, na macho hayasaidii kitu.

Swali lililonikaa ni hili: kwa nini aliyeingia hakimbii? Mtu akizibwa pua na mdomo, kifua kinamuwaka kwa hamu ya kuvuta pumzi. Nilidhani mwili unalilia oksijeni. Kumbe kwa sehemu kubwa hamu ile inatokana na hewa ya ukaa inayojaa kwenye damu. Fikiria nyumba iliyotegewa kengele ya kulia maji machafu yanapoziba na kurudi ndani, ila tangi la maji safi halikuwekewa kengele. Mfereji wa maji machafu ukiwa unapitisha vizuri, tangi linaweza kukauka na nyumba nzima ikawa kimya. Ndani ya tangi la kutu mtu anavuta na kutoa pumzi kama kawaida. Hewa ya ukaa inatoka bila shida. Kengele hailii.

Halafu mapafu hayana mlango wa upande mmoja. Oksijeni hutoka palipo nyingi kwenda palipo chache. Siku zote hewa ndiyo yenye nyingi, kwa hiyo huingia kwenye damu. Ndani ya hewa iliyokaukiwa mambo hugeuka: damu ndiyo yenye nyingi, na kila pumzi inaichota oksijeni kutoka mwilini na kuitoa nje. Mtu anayedhani anajiongezea hewa anajipunguzia. Pasipokuwa na oksijeni kabisa, pumzi chache zinatosha kumpotezea fahamu, bila kikohozi wala kelele. Mwenzake aliye juu anamwona amelala chini, anadhani ameteleza au ameshikwa na moyo, anashuka mbio kumwokoa. Vifo vya matangini vina sura hiyo mara nyingi: mmoja aliyeingia, na mwingine aliyemfuata kwa huruma.

Ndiyo maana utaratibu wa kuingia tangini unaonekana wa kuchosha kwa asiyejua sababu zake. Tundu la kuingilia si pana, linapitisha mabega na basi. Bolti zinalegezwa, feni inasukuma hewa kwa mfuko mrefu unaofika hadi sakafuni, kwa sababu ukipuliza juu juu unaiacha hewa mbaya imelala chini. Kisha feni inazimwa na watu wanasubiri dakika 10 hivi, ili kipimo kisije kikapima upepo wa feni badala ya hewa ya tangi. Mrija wa kipimo unateremshwa, namba zinasomwa juu, katikati na chini, maana mvuke mwingi wa mafuta ni mzito kuliko hewa. Kazi ikikatizwa, hata kwa chakula cha mchana tu, hupimwa tena.

Hayo ni ya hewa. Mwili wenyewe wa meli, tangu tezi hata omo, una mambo yake.

Asbesto ilipendwa na wajenzi wa meli kwa kuwa haiungui. Walizungushia mabomba ya mvuke, wakatengenezea mbao za kuta za vyumba vya mabaharia, wakaiweka kwenye breki za winchi. Hata ile gasketi ya kijivu, nyembamba, inayobanwa katikati ya vifungo viwili vya bomba, kwenye meli ya zamani inaweza kuwa ya asbesto. Ikiwa imebanwa haimdhuru mtu. Ikikwanguliwa kwa patasi hutoa nyuzinyuzi zisizoonekana kwa macho, nazo zikiingia mapafuni hukaa humo, na saratani zake zinaweza kujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye. Kuna pia nyaya za zamani ambazo ngozi yake ina kemikali za PCB. Wanaozichoma ili wapate shaba ya ndani huzigeuza kemikali hizo kuwa sumu kali zaidi. Kuna rangi zenye madini ya risasi, ambayo huwa moshi chini ya moto wa kukatia, na ndiyo maana rangi inatakiwa kukwanguliwa kwanza kwenye mstari utakaopitishwa moto. Chini ya meli kuna rangi iliyotiwa sumu ya TBT ili chaza na wadudu wa bahari wasijishikize. Sumu hiyo iliwafanya konokono wa kike wa baharini waote viungo vya kiume, na iliwaharibu chaza wa ghuba ya Arcachon huko Ufaransa, kabla ya kupigwa marufuku duniani kwa mkataba wa mwaka 2001 ulioanza kutumika 2008.

Kwa hiyo kuimwaga meli si kuisafisha. Sehemu kubwa ya sumu zake zimejengewa ndani, nyuma ya kuta na chini ya rangi, na anayekuja kuzikuta ni mtu aliyeshika moto wa gesi mkononi, ambaye hakuwepo meli ilipojengwa. Hilo ndilo linaloniuma katika habari hii yote. Aliyejua kilichowekwa na atakayekifungua wanatenganishwa na miaka 25, mabadiliko ya majina ya meli, ya bendera na ya wenyewe.

Mkataba wa Hong Kong ulitungwa kuziba pengo hilo. Uliandaliwa chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO), ukapitishwa mwaka 2009, lakini ulianza kutumika tarehe 26 Juni 2025, miaka 16 baadaye, kwa sababu ulisubiri nchi 15 zenye asilimia 40 ya ukubwa wa meli za biashara duniani, pamoja na nchi zinazovunja meli kwa wingi. Bangladesh na Liberia ndizo zilizokamilisha hesabu mwaka 2023. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshatangulia na sheria yake ya 2013.

Moyo wa mkataba ni orodha ya vitu vya hatari ambayo kila meli ya biashara ya safari za kimataifa, ya tani 500 na zaidi zinazopimwa kwa ujazo, lazima iwe nayo. Sehemu ya kwanza inataja vilivyomo kwenye mwili na mitambo: nini, wapi, kiasi gani. Hiyo huandikwa mapema na kusahihishwa kila kifaa kinapobadilishwa. Taka na akiba zilizomo ndani huongezwa meli inapokaribia kuvunjwa. Meli mpya huzaliwa na orodha yake, na zilizokuwepo zina hadi 26 Juni 2030, au kabla ya hapo zikienda kuvunjwa. Kila anayeuza kipuri anatakiwa kutoa tamko la maandishi la kilichomo. Sharti hilo lina maana, kwani asbesto mpya imekatazwa melini kabisa tangu Januari 2011, na bado imekuwa ikikutwa ndani ya vipuri.

Mkataba haukupiga marufuku kuvunjia meli ufukweni, kama inavyofanyika Alang nchini India, ambako meli huelekezwa nchi kavu maji ya bamvua yanapojaa, na yakipwa hubaki imekaa kwenye matope. Wanaoupinga wanasema hapo tope haliwezi kuzuia sumu isiingie baharini. Naona wana hoja.

Orodha nayo ina udhaifu wake. Meli ya zamani hukaguliwa kwa kuchukua vipande na kuvipima, na hakuna anayebomoa kila ukuta wa meli inayofanya kazi. Pasipofikika huandikwa kwamba huenda pana kitu cha hatari, na mvunjaji anapaswa kupachukulia kwamba kimo. Idadi ya tani za vitu vya hatari kwenye karatasi inategemea aliyepima alifika wapi.

Tazama manowari mbili za kubeba ndege, Clemenceau na Foch, zilizojengwa Ufaransa kwa ramani moja. Clemenceau ilipelekwa Alang, na mwaka 2006 ikaamriwa kurudi, huku makadirio ya asbesto yake yakitofautiana kutoka makumi ya tani hadi mamia. Hatimaye ilivunjwa Uingereza. Foch iliuzwa Brazil, ikaitwa São Paulo. Ilipokuwa njiani kwenda kuvunjwa Uturuki mwaka 2022, orodha yake ilitaja chini ya tani 10 za asbesto. Uturuki ikaondoa kibali. Meli ikaburutwa kurudi, ikazungushwa baharini kwa miezi bila bandari ya kuipokea, na tarehe 3 Februari 2023 jeshi la majini la Brazil likaizamisha Atlantiki. Imelala kwenye kina cha mita 5,000 hivi, na kuta zake hakuna atakayezifungua kuilinganisha orodha ile na kilichomo.