Thunder walivyoupangisha udhaifu wao

Timu ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ikianza kujijenga upya, mashabiki huniuliza swali lilelile: nafasi ikishapatikana kwenye mishahara, atasajiliwa nani? Mimi naona swali hilo limeanzia mwisho. Nyota mwenye hiari ya kuchagua hakimbilii timu inayofungwa mechi 50 kwa msimu. Nafasi ya timu hiyo ina kazi nyingine, yenye faida kuliko kusajili, na sijaona walioifanya vizuri kuliko Oklahoma City Thunder kati ya 2019 na 2025.

Kwa aliyezoea soka, tuelewane kwanza. NBA hakuna ada ya uhamisho. Mchezaji akihama, mkataba wake unahama naye mzimamzima, na anayempokea anaubeba ulivyo. Ligi hupanga kikomo cha mishahara kila msimu: 2019-20 kilikuwa dola milioni 109, na 2024-25 kikafika milioni 140.6. Timu inaruhusiwa kukivuka ili kumbakiza mchezaji wake yenyewe, utaratibu unaoitwa haki za Bird kwa jina la Larry Bird. Lakini ukishakivuka, huwezi kupokea mshahara mkubwa bila kutoa mishahara inayokaribiana nao. Aliye chini ya kikomo anapokea bila kutoa. Hapo ndipo ulipo mtaji wa timu dhaifu.

Sakafu nayo ipo. Kila timu inatakiwa kutumia angalau asilimia 90 ya kikomo, na ikipungukiwa inalipa tofauti. Kwa hiyo timu iliyojaa vijana wa bei nafuu, sehemu ya fedha hizo itaitoa tu, iwe na nyota au isiwe naye. Kama fedha lazima itoke, basi itoke kwa kubeba mkataba uliomshinda mwenzako, naye akulipe kwa chaguo la drafti, yaani zamu ya kuchagua chipukizi anayeingia ligini. Ni mwenye chumba kitupu anayempangishia jirani mwenye mizigo mingi: chumba kinabaki chake, na kodi anaipata.

Julai 2019 meneja mkuu wa Thunder, Sam Presti, alimpeleka nyota wao Paul George kwa Los Angeles Clippers. Akapata Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari, machaguo matano ya raundi ya kwanza na haki mbili za kubadilishana nafasi kwenye drafti. Siku chache baadaye Russell Westbrook akaenda Houston, akaja Chris Paul pamoja na machaguo mengine. Habari hizo zilitangazwa mno. Zilizofuata hazikupigiwa kelele, na ndizo ninazotaka zitazamwe kwa karibu.

Desemba 2020 Philadelphia walikuwa na mzigo unaoitwa Al Horford. Mchezaji mzuri, ila mkataba wake wa miaka minne ulikuwa unafika dola milioni 109 na hakuoana uwanjani na nyota wao Joel Embiid. Thunder wakampokea, wakamtoa Danny Green, na wakapewa chaguo la raundi ya kwanza kwa usumbufu. Horford alicheza mechi 28 kisha akapumzishwa ili vijana wacheze. Juni 2021 Boston nao walitaka kuutua mkataba wa Kemba Walker, uliobakiwa na takriban dola milioni 74 kwa misimu miwili. Thunder wakabadilishana Horford na Walker, na Boston wakaongeza chaguo la 16. Chaguo hilo wakalipeleka Houston kwa machaguo mawili ya baadaye. Walker mwenyewe hakuvaa jezi yao hata mechi moja. Walikubaliana naye akaondoka. Mkataba mmoja usiotakiwa ukazaa mali mara mbili.

Houston walilitumia chaguo hilo la 16 kumchukua Alperen Sengun, ambaye 2025 aliingia kwenye mechi ya nyota. Kuna wanaosema hapo Presti alipunjwa, na kwa mchezaji huyo mmoja wana hoja. Hata hivyo mkakati huu unapimwa kwa jumla. Katika machaguo ya Clippers, lile la 2022 liliangukia nafasi ya 12, na hapo akapatikana Jalen Williams.

Kinyume chake tukiangalie kwa mtoto wa Lubumbashi, Bismack Biyombo. Mwaka 2016 kikomo kilipanda kwa mkupuo kutoka dola milioni 70 hadi milioni 94, na timu karibu zote zikajikuta na nafasi. Orlando wakampa miaka minne kwa milioni 72. Simlaumu Biyombo hata kidogo. Alistahili kuchukua kilichowekwa mezani. Tatizo ni timu changa kujaza nafasi yake kwa sababu tu ipo. Miaka miwili baadaye Orlando walimpeleka Charlotte. Februari 2024 alisajiliwa na Thunder hao hao, kwa kazi ndogo ya kusaidia chini ya kikapu, bei ikiwa imeshuka kulingana na kazi.

Gharama ya njia hii ni kubwa na haifai kufichwa. Msimu wa 2021-22 Thunder walishinda mechi 24 tu. Tarehe 2 Desemba 2021 walifungwa na Memphis 152-79, tofauti ya pointi 73, kubwa kuliko zote katika historia ya NBA. Shabiki wa Thunder aliyeitazama mechi ile hakuwa anaangalia chaguo la 2026.

Ila saa ilikuwa inahesabu upande wao. Chipukizi wa raundi ya kwanza hulipwa kwa kiwango kilichopangwa na ligi, kwa miaka minne, na miwili ya mwisho ni hiari ya timu. Akiwa mchezaji bora mapema, timu inapata kazi ya bei kubwa kwa mshahara mdogo. Msimu wa 2024-25 Gilgeous-Alexander alilipwa takriban dola milioni 36, Chet Holmgren karibu 11, Jalen Williams chini ya 5. Watatu hao kwa pamoja walichukua kama theluthi moja ya kikomo. Ndiyo sababu, mwaka 2024, nafasi ilipatikana ya kumsajili Isaiah Hartenstein kwa miaka mitatu na dola milioni 87. Subira ya miaka mitano ilitumika hapo, wakati timu tayari imeshinda mechi 57. Wakashinda 68, na Juni 2025 wakaifunga Indiana katika mechi ya saba na kutwaa ubingwa.

Bei hizo zinaisha. Kuanzia 2026-27 mikataba mipya ya Jalen na Chet inaanza, ya kwanza ikiweza kufika dola milioni 287 na ya pili milioni 250, na nyongeza ya Shai ya milioni 285 inafuata 2027-28. Tangu makubaliano ya 2023, timu inayovuka kiwango cha juu kabisa cha matumizi, kinachoitwa eproni ya pili, hairuhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja, na chaguo lake la miaka saba mbele linafungiwa.

Soma sasa mikataba ya wengine uone ilivyopangwa. Wa Hartenstein na wa Luguentz Dort, mwaka wa mwisho wa yote miwili ni 2026-27, na timu ndiyo yenye hiari ya kuendelea au kuachana nao. Aaron Wiggins na Isaiah Joe walisaini 2024 mishahara inayoshuka badala ya kupanda: wanalipwa zaidi wakati nafasi ipo, kidogo kidogo inapungua kadiri nyota wanavyopandishwa. Na katika yale machaguo matano ya Clippers, la mwisho ni la 2026, yaani chipukizi wa mshahara wa kiwango cha ligi kwa msimu uleule ambao Jalen na Chet wanaanza kuwa ghali.