Koili ya volti 12 hupata wapi mamia ya volti swichi inapozimwa?

Rilei ndogo ya volti 12 (swichi inayovutwa na sumaku ya koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi), zile nyeusi au za buluu zinazojaa kwenye meza za mafundi wa Darajani, ikiungwa kwenye betri ya pikipiki hulia "tik" na kutulia. Shughuli iko kwenye kuzima. Waya ukichomolewa, cheche huruka, na aliyeshika ncha mbili za koili kwa vidole vyake hushtuka mpaka akaziachia, ingawa volti 12 za betri hazimshtui mtu mwenye ngozi kavu.

Jibu linalosikika sana ni kwamba "umeme unarudi nyuma". Kosa hili ni rahisi kulifanya, na linafaa kuvunjwa taratibu, kwa sababu anayeliamini huishia kufunga kinga mahali pasipofaa.

Fikiria dau lililosheheni magunia ya karafuu likiingia Wete kutoka Mtambwe. Nahodha anashusha tanga. Upepo hausukumi tena, lakini dau haligeuki kurudi Mtambwe: linaendelea kule kule lilikokuwa likielekea. Mkondo ndani ya koili ndivyo ulivyo. Waya uliozungushwa mara nyingi juu ya chuma hujenga sumaku, na nishati inakaa kwenye sumaku hiyo. Swichi inapofunguka sumaku huanza kunywea, na kule kunywea kunausukuma mkondo uendelee mwelekeo ule ule. Kinachogeuka ni alama za ncha tu. Ncha ya koili iliyokuwa chanya inakuwa hasi, kwa kuwa koili imeacha kutumia umeme na sasa inautoa, kama betri. Mtu akipima volti na kuona alama imegeuka, hudhani na mkondo umegeuka. Haukugeuka. Dau likigonga gati, gati husukumwa mbele.

Kosa la pili ni kudhani kwamba koili ina "akiba" ya volti fulani. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme, na mwaka uliofuata Joseph Henry wa Marekani akaandika kuhusu cheche zinazotoka waya mrefu unapokatwa. Kizio kinachopima nguvu ya koili kuzaa volti hizo, henri, kimebeba jina lake. Kilichowekwa ndani ni mkondo. Volti hupanda kadiri inavyohitajika ili mkondo ule upate pa kupita.

Hesabu yake ni fupi. Rilei yenye koili ya omu 400 hupitisha ampea 0.03 kwenye volti 12. Ifungie rezista ya omu 1,000 sambamba na koili, kisha zima: ampea 0.03 zinapita kwenye rezista, na volti zinafika 30. Weka rezista ya omu 10,000, zinakuwa 300. Koili ile ile, betri ile ile. Usipoweka chochote, njia inayobaki ni hewa iliyo kati ya midomo ya swichi, na hapo cheche huruka. Volti hazipandi bila mwisho, kwani mizunguko ya waya iliyolaliana nayo hubeba chaji kidogo. Kilele hasa hutegemea rilei na swichi yenyewe, na henri za koili mara nyingi hazikuandikwa popote juu yake.

Ushahidi mzuri kuliko wote umening'inia kwenye dari za maduka ya zamani. Taa ya tyubu yenye choki na starta haiwezi kuwaka yenyewe kwa volti 230 ikiwa baridi. Starta hufunga njia, nyuzi za ncha mbili zikapata moto, kisha kibati chake hupoa na kufunguka. Hapo choki, ambayo ni koili tu, hurusha mamia ya volti na gesi ikashika. Kwa nini basi hupepesa mara tatu nne kabla ya kuwaka? Mkondo wa gridi hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, na starta haijui wakati. Ikifunguka mkondo ukiwa karibu na sifuri, choki haina cha kusukuma, na starta hulazimika kuanza upya.

Kwenye saketi ndogo, anayeumia ni transista, kijidude kinachoiwasha na kuizima rilei. Transista ya BC547 huvumilia volti 45 tu, na rilei isiyo na kinga huuvuka mpaka huo kwa urahisi. Dawa yake ni dayodi moja (kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu), 1N4007, inayofungwa sambamba na koili, karibu na koili yenyewe, mstari mweupe ukielekea upande wa chanya. Rilei ikiwa imewaka, dayodi hukaa kimya. Ikizimwa, mkondo unaoendelea mbele hupata njia ya kuzunguka humo, na volti zinazozidi zile za betri ni kama 0.7 tu. Ukiigeuza, dayodi huwa shoti kamili tangu unapowasha, na transista huungua kwa namna nyingine.

Dayodi ina gharama yake: mkondo hufifia polepole, na rilei huchelewa kuachia kwa milisekunde kadhaa. Panapohitajika wepesi, unganisha nayo zena ya volti 24 (dayodi inayoruhusu mkondo upite kinyume volti zikifika kiwango chake) kwa mfululizo, zikitazamana kinyume. Transista itaona 12 na 24 na 0.7, yaani volti 36.7, bado chini ya 45.

Koili ya kontakta (rilei kubwa) inayotumia umeme wa gridi usiifungie dayodi. Itakuwa shoti katika nusu moja ya kila wimbi, na kuungua mara moja. Hapo hutumika rezista ya omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 iliyoandikwa X2 (alama ya kapasita zinazofaa kukaa kwenye umeme wa gridi), kwa mfululizo, zote mbili sambamba na koili. Na pampu ya sola shambani isizimwe kwa swichi ya ukutani ya nyumba. Kwenye gridi, cheche hupata nafasi ya kufa kila mkondo unapofika sifuri. Umeme wa paneli hauna sifuri hiyo, kwa hiyo moto hubaki kati ya midomo ya swichi mpaka iyeyuke. Nunua iliyoandikwa DC, yaani ya mkondo usiogeuka, pamoja na volti na ampea zake.