Mla jana kala nini? Dhana potofu kuhusu kula nje, na ukweli wake

Mama ntilie niliyekuwa nakula kwake mchana alikuwa na mabenchi mawili, meza iliyotandikwa plastiki ya maua, na sufuria tano juu ya majiko ya mkaa. Ikifika saa sita na nusu hupati pa kukaa. Siku moja jioni tumbo likanivuruga, usiku nikakesha chooni, na kulipokucha, kabla sijaenda hata kupima, nilishaandika kwenye kundi la WhatsApp la kazini: jamani, maharage ya pale yameniangusha. Sikutia hata neno "labda". Wiki ile wenzangu wote wakahamia kwingine.

Zahanati, tabibu aliniuliza jambo ambalo sikuwa nimejiuliza: "Achana na jana. Juzi ulikula wapi?" Juzi nilikuwa harusini, ukumbini, nimekula kuku wa bufee aliyepangwa mezani tangu saa moja na kuliwa saa nne. Nikawapigia simu niliokaa nao meza moja. Watatu walikuwa wanaharisha kama mimi.

Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini. Kwa mambo ya tumbo, mla jana ndiye wa kuulizwa kwanza, na wa juzi pia. Tangu siku ile nimekuwa mwangalifu sana na maneno ninayoyatoa nikitoka kula, na nimeona ni mengi tunayoyasema kwa uhakika ilhali siyo.

"Nilichokula mwisho ndicho kilichoniumiza"

Hii ndiyo dhana inayowaumiza wauza chakula kuliko zote. Ukweli ni kwamba kila mdudu ana saa yake. Wapo bakteria wanaoishi puani na kwenye vidonda vya ngozi. Mpishi mwenye kidonda kidoleni akishika nyama iliyokwisha kuiva, kisha nyama ikakaa kwenye joto la kawaida, bakteria hao huzaliana na kuacha sumu ndani yake. Ukiila, utatapika kati ya nusu saa na saa 8 baadaye. Hapo unaweza kweli kukishuku chakula cha mchana.

Lakini wadudu wengi wanaotuharisha hawaji na sumu iliyokwisha tengenezwa. Huja wenyewe, wachache, na lazima kwanza waongezeke ndani ya utumbo. Hilo linataka muda. Salmonela huchukua saa 6 hadi siku 6 kuonyesha dalili. Virusi vya noro, ambavyo hupita kwa mikono isiyooshwa vizuri, saa 12 hadi 48. Kampilobakta, anayependa kuku asiyeiva sawasawa, siku 2 hadi 5. Kipindupindu kinaweza kuja baada ya saa chache tu au baada ya siku 5. Homa ya matumbo, yaani taifodi, huchukua mara nyingi wiki 1 hadi 3, na homa ya ini aina ya A wiki 2 hadi 4. Kwa hiyo mtu anayesema "jana nimekula chipsi mayai, leo nimepimwa nina taifodi" amemsingizia muuza chipsi, tena kwa nia njema kabisa.

Mtu akiniuliza leo, namwambia achukue karatasi aandike kila alichokula na kunywa siku tatu au nne nyuma, nje na nyumbani, kisha awatafute waliokula naye. Nyumbani hasa tunapasahau. Mchicha wa jana uliolala juu ya jiko haumo kabisa katika hesabu zetu, kwa sababu tumeupika wenyewe.

"Hotelini ni salama, kwa mama ntilie ni kubahatisha"

Hapa nitakaa kidogo, maana sisi wenyewe tunapishana. Wapo wanaoapa hawali barabarani. Wapo wanaosema kinyume, kwamba chakula cha hotelini kimelala.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba watu milioni 600 duniani huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kilichochafuka, na 420,000 hufa. Mwongozo wake kwa wapishi hauzungumzii vigae wala viyoyozi. Unasisitiza mambo matano: usafi, kutenganisha kibichi na kilichoiva, kuivisha vizuri, kutunza chakula kwenye joto linalofaa, na kutumia maji na malighafi salama. Joto la hatari ni kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, ambapo bakteria huzaliana haraka. Chakula kilichopikwa kisikae humo zaidi ya saa 2.

Sasa chukua kipimo hicho uende nacho kwa mama ntilie mwenye wateja. Amepika asubuhi. Sufuria ziko jikoni, mkaa unawaka. Akifunua mfuniko wa maharage, mvuke unampanda usoni mpaka anageuza shingo. Ikifika saa nane vyote vimeisha, anasugua masufuria. Chakula kile hakikupata nafasi ya kupoa. Kisha kipeleke kipimo hicho hicho kwenye bufee nzuri, kitambaa cheupe, treni ya masinia ya chuma, chini ya kila sinia kimwali kidogo cha moto, pengine kimeshazimika na hakuna aliyetazama. Kijiko kikizamishwa katikati ya sinia hutoka vuguvugu. Vuguvugu ndilo tatizo.

Nisieleweke kwamba kibandani hakuna kasoro. Ipo, na mara nyingi si kwenye sufuria, ni kwenye ndoo. Utaona beseni moja la kuoshea sahani, maji yamekuwa ya kijivu, mafuta yanaelea, sahani inazamishwa, inafutwa kwa kitambaa kilichokwisha futa sahani arobaini, kisha inapakuliwa wali wako. Wali ni wa moto na salama, sahani siyo. Na kachumbari: nyanya na vitunguu vibichi, havipiti motoni kamwe, usalama wake wote ni maji yaliyoviosha, kisu na ubao. Kama ubao ndio uliokatiwa kuku mbichi, hakuna la kuokoa. Mimi kwa mama nisiyemfahamu nakula kilicho jikoni na naacha kachumbari, bila kumsema mtu.

Anayedhani ladha nayo inafuata bei, amkumbuke mpishi Chan Hon Meng wa Singapore. Mwaka 2016 kibanda chake, ndani ya soko la vyakula la mtaa wa Chinatown, kilipewa nyota moja ya Michelin, mwongozo maarufu wa kukadiria migahawa, kwa kuku wa sosi ya soya na wali, sahani iliyouzwa takribani dola 2 za Singapore. Wakaguzi wa Michelin huja bila kujitambulisha, hulipa bili yao, na nyota hutolewa kwa kilicho kwenye sahani peke yake.

"Kikipashwa moto, kila kidudu kinakufa"

Bakteria wengi hufa, ndiyo. Sumu zao si zote. Ile ya bakteria wa vidondani niliyoitaja hustahimili moto wa jikoni. Na upo ugonjwa wa wali, ambao sisi watu wa wali na pilau tunapaswa kuujua kwa jina: bakteria anaitwa Bacillus cereus. Anaishi udongoni, anaingia kwenye mchele, na spora zake, kama mbegu ngumu anazojihifadhia, haziuawi na maji yanayochemka. Wali ukiachwa kwenye sufuria kubwa kuanzia asubuhi hadi jioni, katikati unabaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, spora zinaamka, bakteria wanazaliana na kutoa sumu inayotapisha. Ukiukaanga na mayai na karoti jioni, utanukia vizuri sana na sumu itakuwa imo vilevile.

Kiporo chenyewe hakina kosa. Wali uliotandazwa kwenye vyombo vya kina kifupi, ukapoa haraka na kuingia kwenye friji ndani ya saa 2, unapashwa kesho ukaliwa kwa amani. Basi mgahawani usiulize tu "huu ni wa leo?" Uliza ulilala wapi.

Na pilipili na ndimu? Nimelelewa nikiambiwa ukiona huna imani na mahali, kamulia ndimu na utie pilipili nyingi. Asidi ya ndimu huwadhoofisha baadhi ya wadudu, lakini matone mawili juu ya samaki aliyelala hayamfanyi awe salama. Pilipili huwasha mishipa ya fahamu ya ulimi, na kiasi tunachokula hakiui kitu cha maana tumboni. Barafu nayo ni hivyo hivyo: kugandisha hakusafishi maji. Juisi ya ukwaju iliyochemshwa vizuri kisha ikatiwa barafu ya maji ya bomba yasiyochemshwa imerudi ilikotoka.

"Nyama inatoa damu, haijaiva"

Yale maji mekundu kwenye nyama choma si damu. Damu hutoka karibu yote mnyama anapochinjwa. Wekundu ni wa mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni ndani ya misuli. Rangi peke yake haikwambii kama nyama ni salama. Kwenye pande zima la ng'ombe wadudu hukaa juu, palipogusana na kisu na mikono, na moto unapachoma. Ikisagwa, cha juu kimeingia ndani, kwa hiyo kababu na nyama ya sambusa lazima viive hadi katikati. Kuku hana mjadala: nyuzi 74 hadi kwenye mfupa.

"Nyota tano haziongopi"

Mwaka 2017 kijana wa London, Oobah Butler, alisajili kibanda cha bustanini kwao huko Dulwich kwenye TripAdvisor, tovuti ambapo wateja huipa migahawa nyota na maoni, kana kwamba ni mgahawa. Hakuwa na jiko la biashara wala sahani moja aliyouza. Picha za vyakula alizitengeneza kwa vitu kama povu la kunyolea ndevu, na marafiki zake wakaandika sifa. Kufikia Novemba mwaka huo kibanda kile kilikuwa namba moja kati ya migahawa zaidi ya 18,000 ya London, na watu wakapiga simu kuomba meza.

Hata pasipo udanganyifu, wanaojisumbua kuandika ni walioshangilia na waliokasirika. Yule aliyekula ugali samaki, akashiba, akalipa, akaenda zake, haandiki. Ndiyo maana nasoma maneno kabla ya nyota. "Huduma mbovu" hainisaidii. "Tulikaa dakika hamsini Jumapili mchana, mhudumu mmoja kwa meza kumi na mbili" inanisaidia, maana sasa najua niende Jumanne.

Wapo pia wanaoamini kwamba maneno ya mtu mmoja hayamdhuru mwenye mgahawa. Mchumi Michael Luca alichunguza migahawa ya Seattle katika utafiti alioutoa mwaka 2011 akiwa Chuo Kikuu cha Harvard, akakuta ongezeko la nyota moja kwenye Yelp, nayo tovuti ya maoni ya wateja, linaongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9. Walioguswa ni migahawa inayojitegemea. Ile yenye matawi kila mji haikutikisika. Hiyo ni Marekani, na mama ntilie hana hata ukurasa mtandaoni. Lakini ana kundi la WhatsApp la ofisi ya jirani, na kwake hilo ndilo soko lote.

"Kukosoa ni kumwaibisha mtu, na ukiandika utashtakiwa"

Tumelelewa kusema "asante, kitamu" hata pale ambapo chumvi imezidi. Kisha tunakwenda kuyamaliza pembeni, mahali mpishi hayasikii. Heshima na ukimya ni vitu viwili. Mwite mhudumu, kwa sauti ya chini: "Samahani dada, samaki huyu ndani bado ni wa baridi, naomba nirudishiwe jikoni." Kwa mama wa makamo anza na shikamoo, kisha lolote unaweza kulisema. Mara nyingi sana hurekebishwa pale pale.

Kuhusu kushtakiwa, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inamgusa anayesambaza taarifa huku akijua ni za uongo, kwa nia kama ya kukashifu. Anayeeleza alichokiona, siku gani, sahani gani, hasemi uongo. "Jumamosi saa nane mchana niliona kachumbari haikufunikwa, nzi wametua" ni ushuhuda. "Pale wanaua watu" ni tuhuma, na mimi ndivyo nilivyoandika, kwa maneno mengine.

Nilirudi kwa yule mama baada ya wiki mbili. Alikuwa anapepea jiko. Nikamwamkia, nikamweleza yote: kundi, maharage, harusi. Aliweka upepeo chini akanitazama. "Mwanangu, si ungekuja kuniambia mimi kwanza?" Nikakaa, nikala wali maharage. Kabla sijaondoka nikamtajia pia beseni la sahani. Hakukasirika, aliniuliza ndoo ya bomba ni bei gani siku hizi. Jioni ile nikaandika kwenye kundi lile lile kwamba nilikosea na nikaeleza nilivyougua. Wengi walirudi. Wawili hawajarudi hadi leo.