Mkasi si logo ya kinyozi

Jumanne usiku kijana mmoja ninayemfundisha alinitumia WhatsApp logo ya kwanza aliyolipwa. Saluni ya kiume, Mbagala. Nikaifungua, nikahesabu: mkasi, chanuo, mashine ya kunyolea, wembe, kiti cha kuzunguka, na kichwa cha mwanamume mwenye ndevu zilizochongwa. Jina la saluni limekaa chini, limepindishwa kama upinde, lina kivuli na mng'ao wa dhahabu. Nikamwuliza vyote hivyo vya nini. Akanijibu kwa sauti, sekunde nane tu: "Kaka, si lazima logo ionyeshe biashara inafanya nini? Mtu akiiona tu ajue hapa wananyoa."

Maneno hayo nimeyasikia kwa wateja, kwa wachapaji, kwa wanaofundisha kozi za wiki mbili, na sasa kwa mwanafunzi wangu ambaye nilidhani nimeshamtoa huko. Basi naandika mara moja kwa kirefu, na atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo.

Logo haipo kwa ajili ya kueleza biashara. Ipo ili biashara ijulikane kuwa ni ile, si nyingine. Anayeeleza ni bango. Bango liandikwe "Tunanyoa, tunapaka rangi, tunaosha nywele", lichorwe mkasi mkubwa hata wa mita mbili, litundikwe barabarani mtu aliye kwenye daladala alione. Ni kazi nzuri na naiheshimu. Ila ni kazi nyingine.

Ingia hadiwea yoyote ya Dar. Ukutani imepangwa mifuko ya saruji: Twiga ya Wazo Hill, Simba ya Tanga, Tembo ya Mbeya. Fundi akifika hasemi "nipe saruji ya kiwanda fulani kilichopo mahali fulani". Anasema "nipe twiga kumi". Twiga hajengi. Simba hana uhusiano wowote na zege. Lakini hata msaidizi wa fundi ambaye kusoma ni shida anaweza kutumwa dukani akarudi na mfuko uleule alioagizwa, kwa sababu twiga si simba na simba si tembo. Hiyo ndiyo kazi ya logo, na imeshakamilika hapo.

Halafu kuna Air Tanzania. Nayo inatumia twiga. Mnyama yuleyule wa kwenye saruji yuko kwenye ndege, na hakuna abiria anayechanganyikiwa. Kama maana ingekuwa ndani ya picha, hili lisingewezekana. Maana huwekwa na mifuko iliyoshikilia nyumba zisipasuke, au iliyoziacha zikapasuka. Huwekwa na safari zilizoondoka kwa wakati, na zile zilizochelewa. Logo ni chombo kitupu siku ya kwanza. Mwenye biashara ndiye anayekijaza, kwa kazi yake, na huchukua miaka.

Fikiria majina yetu wenyewe. Kuna mama anaitwa Shida, na ni mtu mwenye neema tele. Ukitaja jina lake mtaani hakuna anayefikiria shida. Wanamfikiria yeye, maandazi yake, sauti yake. Hatumwombi mtoto anayezaliwa awe na jina linaloeleza kazi atakayofanya akikua. Kwa nini tunaidai logo?

Wanafunzi hupenda kunitajia Nike, kwa hiyo tuitaje. Mwaka 1971 Carolyn Davidson, mwanafunzi wa Portland State University huko Marekani, alichora ule mstari uliopinda akalipwa dola 35. Phil Knight, mwenye kampuni, hakuupenda sana alipouona mara ya kwanza. Hakuna kiatu ndani yake. Leo tunauona tunasema "unaonyesha mwendo, unaonyesha ushindi", lakini ushindi uliletwa na miguu ya wakimbiaji walioshinda wakiwa wameuvaa. Ungepakwa kwenye mikate tangu 1971, leo tungesema unaonyesha ulaini.

Na si mambo ya Wazungu peke yao. Kanga za Mombasa za Kaderdina Hajee Essak, ambaye watu walimwita Abdulla, zilitambulika kwa alama ya herufi: K.H.E., Mali ya Abdulla. Hakuna uzi, hakuna sindano, hakuna mwanamke aliyejifunga kanga. Bibi zetu walitafuta yale maandishi kwenye kitambaa kabla ya kutoa pesa.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi hasa. Watu hudhani tatizo la mkasi ni kwamba umepitwa na wakati, kwa hiyo wanachora mkasi wa kisasa, wenye mistari myembamba. Tatizo la mkasi ni kwamba kila kinyozi anao. Picha ya kazi yako ndicho kitu pekee ambacho una hakika mshindani wako naye anacho. Tembea mtaa mmoja uhesabu madaktari wa meno wenye logo ya jino, maduka ya simu yenye picha ya simu, mawakili wenye mizani. Kila mmoja amelipa ili afanane na jirani yake. Hata sheria inalijua hili: Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 inataka alama iweze kutofautisha bidhaa ya mtu na ya mwingine, na ukienda BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, na alama inayoeleza tu aina ya bidhaa, umejitafutia kazi. Hapohapo niseme: ukichukua mkasi uliokwisha chorwa kwenye maktaba ya Canva, programu ya usanifu ya mtandaoni, masharti yao yenyewe yanasema huwezi kuusajili kama alama yako ya biashara, maana mtu yeyote duniani anaweza kuutumia. Mteja wako atakuja kulijua hilo siku mbaya.

Lakini msinielewe vibaya, maana hapa ndipo wanafunzi wanapokimbilia upande wa pili wakaanza kuchora maduara yasiyo na kichwa wala miguu. Sisemi picha ni haramu. Kuna picha ya kazi na kuna picha ya jina, na ni vitu viwili tofauti kabisa. Twiga kwenye saruji ni picha ya jina. Tofaa la Apple ni picha ya jina, halionyeshi kompyuta. Tena logo ya kwanza ya Apple, ya mwaka 1976, ilikuwa mchoro wa Isaac Newton ameketi chini ya mti, wenye maandishi kuzunguka fremu, na haikumaliza hata miaka miwili: mwaka 1977 Rob Janoff akaleta tofaa lililong'atwa. Picha ya jina inasaidia sana hapa kwetu, kwa sababu mteja anaweza kuiita kwa mdomo. "Lete ile ya tembo." Logo inayoweza kuitwa kwa mdomo ina miguu, inatembea yenyewe.

Kuna pia aina ya tatu, dokezo. Hii ndiyo ngumu na ndiyo ninayoipenda. Haichori kazi, inachukua tabia moja ya mwenye biashara. Nitairudia hapo chini kwa yule kinyozi.

Nami nilijifunza haya kwa kuumiza mtu. Miaka yangu ya mwanzo nilimchorea logo mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga nafaka. Nilichora gunzi la mahindi, punje moja moja, safu kwa safu, na majani mawili pembeni. Kwenye kompyuta lilipendeza, nikalikuza na kulipunguza nikiwa nalifurahia. Mzee akaenda kuchonga mhuri, maana hati zote za mzigo zilihitaji mhuri. Aliponiita nikaona karatasi: wino umejaa kati ya punje, majani yameshikana na gunzi, na kilichobaki ni donge jeusi lenye mkia. Kama guruneti. Alikuwa ameshalipia mhuri, akalipia wa pili, na hakunipandishia sauti hata kidogo. Nililala vibaya usiku ule. Tangu hapo sitoi logo ambayo sijaichapa nyeusi tupu, upana wa sentimita mbili, kwenye karatasi ya kawaida, kisha nikaitoa fotokopi, na fotokopi hiyo nikaitoa fotokopi nyingine. Ikibaki inatambulika, tunaongea.

Mhuri, fulana ya kudarizi, duara la WhatsApp, stika ya bajaji iliyopigwa jua mwaka mzima. Hizo ndizo sehemu logo zetu zinapoishi. Ile picha ya logo imebandikwa kwenye jengo la vioo, ambayo kila mwanafunzi ananitumia, haipo Mbagala.

Programu: yoyote ya vekta, yaani inayochora kwa mistari inayokuzwa bila kuharibika. Illustrator, CorelDRAW, Inkscape ambayo ni bure. Msiniulize ipi bora. Usichore logo kwenye Photoshop, itatoa vijimraba ikikuzwa, basi. Mpe mteja PDF, SVG na PNG isiyo na mandhari nyuma, na ya nyeusi peke yake. Rangi weka mwisho. Logo isiyosimama kwa nyeusi haitaokolewa na dhahabu.

Muda mtakaookoa hapo upelekeni kwenye herufi. Logo nyingi ni herufi tu, na hapo ndipo macho ya mwanafunzi yanapoonekana yamefunguka au bado. Andika neno TAWI kwa herufi kubwa, fonti yoyote nene, ulikuze lijaze kioo. Angalia. T ina mkono uliotokeza juu, A imeinama chini yake, kati yao kuna hewa. A na W zinaegemeana, zinaweza kusogezwa hadi karibu kugusana na bado zikaonekana zina nafasi. Halafu W na I: I ni nguzo iliyonyooka. Kompyuta inapima, jicho halipimi hivyo, jicho linaona kiasi cha weupe. Sogeza kidogo, ligeuze neno kichwa chini ili uache kulisoma na uanze kuliona, sogeza tena. Ndivyo ilivyo pia kwa duara: ukiliweka pembeni ya mraba wenye kimo kilekile, duara litaonekana dogo, lazima lizidi kidogo juu na chini. Nimekaa saa nzima na neno la herufi nne, na sioni kama nilipoteza muda.

Kuna jambo linalonisumbua, na nisingependa kulificha. Mwaka 2019 jarida la Journal of Marketing Research lilichapisha utafiti uliochambua logo 597, na watafiti wakaona kwamba logo zinazoonyesha aina ya bidhaa huwafanya watu waiamini biashara zaidi, hasa biashara ambayo bado haijulikani. Biashara ambayo haijulikani ndiyo ya wateja wangu wote. Faida hiyo hupungua jina likishakuwa kubwa, na kwa bidhaa ambazo watu hawapendi kuzifikiria inaweza kugeuka hasara. Niliusoma nikitafuta kosa. Sikulipata la kuniridhisha. Nadhani jibu liko kwenye lile dokezo, kwamba kudokeza si sawa na kurundika vitu sita, lakini siwezi kuapa. Inawezekana kwa saluni mpya, mtaa mpya, chanuo moja lililochorwa vizuri lingemletea wateja haraka kuliko herufi yangu nzuri. Na mara mbili tatu nimemwambia mteja ukweli: fedha hii weka kwenye bango na taa, logo tutaifanya ukishapata wateja mia.

Turudi kwa kijana. Sikumwambia afute. Nilimwuliza: huyu kinyozi watu wanamsifia nini? Akaenda akakaa kwenye benchi la saluni mchana mzima. Akarudi akasema, wanasema hakuna anayenyoosha mstari wa mbele kama yeye, ukitoka pale paji lako limepigwa rula. Nikamwambia basi, hicho ndicho ulichopewa.

Juzi akaleta herufi K, ya kwanza ya jina la mwenyewe, nene, imekatwa juu kwa mstari mmoja mnyoofu mkali. Chini yake jina, hakuna kitu kingine. Mwenye saluni aliitazama kidogo, akauliza mkasi uko wapi. Kijana akamwonyesha ukutani: mkasi utakuwa kwenye bango, mkubwa. Akakubali bango. Logo ameomba aifikirie hadi Jumamosi, na Jumamosi hiyohiyo tunakwenda wote kwa fundi wa mihuri Kariakoo kuijaribu kwa sentimita mbili. Jina lililo chini ya ile K bado lina A na W zilizoachana mno. Nimemwambia, hajaziona bado.