Utosi, dege na kubemenda: dhana za malezi Mombasa na ukweli wake

Mzazi akitoka hospitali huingia arubaini, na ndani ya arubaini kila anayebisha hodi huja na ushauri. Mavyaa ana wake, somo ana wake, jirani wa gorofa ya juu naye ana wake. Mwingi wa ushauri huo haukuzuka hewani. Wazee waliona dalili ya kweli kabisa, wakaipa sababu isiyokuwa. Kwa hiyo hapa hatubishani na macho yao, tunabishana na sababu tu.

"Joto hili la kaskazi, mtoto atakauka bila maji"

Kuanzia Desemba hadi Machi nyumba ya mabati Kisauni huwaka kama tanuri, na ni haki mtu kumhofia mtoto kiu. Lakini maziwa ya mama ni maji kwa takriban asilimia 87. Mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya kila anapotaka hahitaji maji mengine, hata hapa kwetu. Joto likizidi, anyonyeshwe mara nyingi zaidi, usiku pia.

Maji humdhuru kwa njia tatu. Tumbo la siku ya kwanza hubeba mililita 5 hadi 7, kama kijiko kimoja cha chai. Likijaa maji, maziwa hayana pa kukaa. Titi lisiponyonywa hupunguza kazi, na wiki moja baadaye mama husema "maziwa hayatoshi". Tena, maji ya mtungi wa lita 20 yaliyoletwa na mkokoteni hujui yamepita wapi. Ukitaka kujua kama anapata ya kutosha, hesabu nepi: kuanzia siku ya tano, 6 au zaidi zilizolowa mkojo mweupe kwa saa 24. Mkojo ukiwa mzito wa rangi ya chai, anyonye zaidi.

Halafu mvue sweta. Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni, mchana wa nyuzi 31, fulana moja ya pamba na nepi zinamtosha. Kofia ya sufi, soksi na blanketi humletea vipele vya joto, na mwili ukipanda moto watu huanza kutafuta homa isiyokuwepo. Saa za mwanzo baada ya kuzaliwa, na mtoto njiti, ni habari nyingine: hao wanahitaji kutiwa joto, na bora zaidi ni kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi.

"Utosi umebonyea, utie mafuta"

Utosi kuchezacheza ni mapigo ya moyo tu, na ule wa mbele kwa kawaida hufunga kati ya miezi 12 na 18. Mafuta ya nazi juu ya nywele hayana kosa. Kosa ni kudhani yanaingia ndani kuujaza. Utosi uliobonyea kwa mtoto aliyekaa wima na kutulia humaanisha maji yamepungua mwilini, hasa kama anaharisha, mdomo umekauka, analia bila machozi, na ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole. Ukiwa umevimba na ana homa, usingoje asubuhi. Inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo.

Hapo ndipo dafu huletwa. Dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na anayeharisha anapoteza sodiamu kwa wingi. Kwa mtoto aliyepita miezi 6 ni kinywaji kizuri, ila halishiki nafasi ya ORS, ile chumvi ya pakiti ya kurudisha maji mwilini. Soma pakiti: kuna za nusu lita na za lita nzima, na ukikosea kipimo umeharibu dawa. Tumia maji ya kunywa yaliyochemshwa yakapoa, si ya kisima chenye chumvi, maana hapo unaongeza chumvi juu ya chumvi. Mtoto wa chini ya miaka 2 apate mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Na zinki isiachwe: miligramu 10 kwa siku kwa wa chini ya miezi 6, 20 kwa aliyezidi, siku 10 hadi 14, hata kama choo kimeshakauka siku ya tatu.

"Anaharisha kwa sababu ya meno"

Jino la kwanza hutoka popote kati ya miezi 4 na 12, wengi karibu na wa sita. Umri huohuo kinga aliyotoka nayo kwa mama inapungua, anaanza chakula, na kila anachookota sakafuni kinaingia mdomoni. Ndiyo maana meno na kuharisha huja pamoja. Meno huleta udenda, ukali na fizi kuwasha. Homa ya nyuzi 38 kwenda juu ina sababu nyingine, itafutwe. Na yale yaitwayo meno ya plastiki ni machipukizi ya kawaida ya chonge. Anayeyang'oa kwa waya huweza kuharibu na jino la ukubwani lililo chini yake, mbali na kumwachia maambukizi.

"Dege halitaki sindano"

Hii ndiyo inayoua, kwa hiyo tuikalie kidogo.

Mtoto ana homa, ghafla macho yanageuka, mwili unakakamaa, mikono inarusharusha. Pwani tunaita dege au nyuni, na husemwa ni ndege wa usiku au shetani, na kwamba akidungwa sindano atakufa. Imani ya sindano ina chanzo kinachoeleweka. Mtoto aliyezungushwa siku mbili kwa mafusho na kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani, hufika hospitali malaria imeshapanda kichwani, anadungwa, anafariki, na lawama inabaki kwa sindano.

Ukweli ni kwamba ubongo wa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 unaweza kurushwa na homa yenyewe. Huwapata watoto 2 hadi 5 katika kila 100, na wengi hawaachwi na athari yoyote. Ila kwa macho huwezi kutofautisha dege la homa tu na lile la malaria kali au la uti wa mgongo, na Pwani malaria ipo. Kwa hiyo likitokea:

Tazama saa kwanza. Mlaze ubavu sakafuni, mbali na jiko na ncha za kitanda, udenda utoke wenyewe. Legeza nguo shingoni, na hirizi au kamba iliyombana uikate. Usitie kijiko, kidole wala dawa mdomoni; meno yaliyovunjika na watoto waliopaliwa hutokana na hapo. Usimshike kwa nguvu, usimmwagie maji ya barafu, usimfukize. Mengi huisha kabla ya dakika 5. Likipita dakika 5, au likirudi siku hiyohiyo, piga mbio, hata kwa tuktuk. Likiisha atalala fofofo, ni kawaida. Hospitali anakwenda vilevile, apimwe malaria kwa tone la damu. Parasetamoli itampunguzia maumivu na joto, lakini haizuii dege lijalo, basi usijilaumu kwamba ulichelewa kumpa. Na akiwa chini ya miezi 6, au ameshapita miaka 5, usiliite dege la homa hadi daktari aseme.

"Kikohozi hakiishi, akatwe kimeo"

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, kila mtu anacho. Mtoto akikohoa sana huonekana chekundu na kirefu, basi kikadhaniwa ndicho kinachomkuna. Kukikata nyumbani huleta kuvuja damu, upungufu wa damu, usaha na hata pepopunda, na kikohozi kikabaki palepale kwa kuwa kilikuwa kifuani.

Badala ya kumfumbua mdomo, mfunue kifua. Akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima kwa saa. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, 50. Mwaka 1 hadi 5, 40. Sehemu ya chini ya kifua ikiingia ndani anapovuta hewa, ni nimonia mpaka ithibitishwe vingine. Kikohozi kilichopita siku 14 kiangaliwe pumu na kifua kikuu.

"Mtoto amebemendwa"

Husemwa mtoto hudhoofika kwa sababu mama amepata mimba angali ananyonyesha, au baba ametoka nje. Mama hapo huaibika, humficha mtoto, na kliniki haendi. Hilo ndilo dhara kubwa la neno hili.

Waliolitunga, hata hivyo, waliona jambo. Huko Ghana, watu wa kabila la Ga walikuwa na jina la ugonjwa wa mtoto anayesukumwa kando mdogo wake anapozaliwa, kwashiorkor, na katika miaka ya 1930 daktari Cicely Williams akaliingiza katika vitabu vya tiba. Ugonjwa ni wa chakula. Mimba inaingia, mama anaambiwa maziwa yameshakuwa sumu, mtoto wa miezi 8 anaachishwa siku moja na kupewa uji wa maji. Maziwa hayawi sumu. Mimba ikiwa haina matatizo, mama anaweza kuendelea kunyonyesha huku naye akila zaidi. Al-Baqara aya ya 233 inataja miaka miwili kamili, na ushauri wa kitabibu nao ni miaka 2 au zaidi. Anayetaka kuchelewesha mimba ajue kunyonyesha hukinga kwa takriban asilimia 98 pale tu masharti matatu yanapokutana: mtoto hajafika miezi 6, hapewi kitu kingine, na hedhi haijarudi. Moja likivunjika, aende kwa uzazi wa mpango.

Kupima ni rahisi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, utepe huzungushwa mkono wa kushoto ulioning'inia, katikati ya bega na kiwiko, bila kukaza. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, aende leo. Kati ya 11.5 na 12.4 ni manjano. Kisha bonyeza nyayo zote mbili kwa juu, kwa kidole gumba, hadi sekunde 3. Shimo likibaki kwenye miguu yote, aende leo pia, hata kama uso umenona.

Na uji? Tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba mililita 240 hivi kwa mlo, si kikombe kamili. Ukilijaza uji unaotiririka, ameshiba maji. Uinamishe mwiko: uji ung'ang'anie, usidondoke. Kisha utie tui la kwanza, lile zito kabla hujaongeza maji, kijiko kimoja au viwili vya chakula. Samaki aliyechambuliwa miiba mara mbili, au mbaazi zilizopondwa, zikamilishe. Ule unga wa nafaka kumi na njugu pamoja hauuzidi uji huu kwa lolote. Njugu zilizokaa na unyevu wa Pwani huota kuvu yenye sumu ambayo moto wa jikoni hauimalizi.

"Akila mayai atachelewa kusema"

Hakuna uhusiano. Ana miezi 6, mpe yai lililoiva hadi kiini. Anayestahili kuzuiliwa ni chai: ya rangi au ya maziwa, huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Asali nayo isimguse kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu ya vijidudu vya botulizimu ambavyo utumbo wake hauna nguvu ya kuvizuia.

"Mwenzake ameshatembea, huyu ana tatizo"

Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatoa vipimo. Kukaa bila kushikwa: kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kutambaa kwa mikono na magoti: 5.2 hadi 13.5. Kutembea peke yake: 8.2 hadi 17.6. Tazama upana huo. Asilimia 4 hivi hawakutambaa kabisa na wakatembea salama. Aliyezaliwa wiki 8 kabla, kwenye siku yake ya kuzaliwa ya mwaka mmoja mhesabie miezi 10.

Kigari cha kusukuma kwa miguu hakimharakishi. Huchelewesha, kwa kuwa anajisukuma kwa vidole vya mguu na mgongo haujifunzi kujibeba. Tena ngazi za gorofa zetu hazina vizuizi, na Kanada ilivipiga marufuku vigari hivi mwaka 2004. Mkeka sakafuni na stuli nzito ya kushikilia vinatosha. Cha kumpeleka kliniki ni hiki: hakai miezi 9, hatembei miezi 18, anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, au alichojua jana leo hakijui.

"Lugha tatu zinamchanganya"

Kigiriama cha nyanya, Kiswahili cha uani, Kiingereza cha chekechea: hakuna inayomchelewesha. Jumlisha maneno ya lugha zote. Akifika miaka 2 awe na kama 50, na aunge mawili, "maji baridi", "baba enda". Kukata uzi wa chini ya ulimi hakumfundishi kusema, wala katuni za simu, ambazo kabla ya miaka 2 hazishauriwi kabisa. Asiyekuwa na neno hata moja miezi 18, mvulana au msichana, apimwe masikio kwanza. Nyumbani simama nyuma yake asipokuona, umwite kwa sauti ya chini au utikise funguo. Usipige makofi karibu na sikio: hata asiyesikia atageuka, kwa kuwa ngozi imehisi upepo.