Mapaja hupunguaje?

Tafuta "mazoezi ya kupunguza mapaja" mtandaoni na utaletewa video za kukumalizia bando. Lala ubavu, inua mguu mara 50, geuka, rudia, na baada ya wiki mbili mapaja yatakuwa yamekwisha. Nyuma ya video hizo kuna dhana moja: kwamba msuli unaofanya kazi huchoma mafuta yaliyoufunika. Inaingia akilini kwa urahisi, maana pale unapopafanyisha kazi ndipo panapopata moto na ndipo panapouma kesho yake. Lakini mwili hauendi hivyo.

Mafuta ya paja yamehifadhiwa kwenye seli zake chini ya ngozi, na msuli ulio jirani hauna njia ya kujichotea humo moja kwa moja. Mwili ukihitaji nguvu, homoni kama adrenalini hupita kwenye damu na kuziamuru seli za mafuta zivunje akiba. Kinachotoka huingia kwenye damu, huzunguka mwili mzima, na msuli wowote unaofanya kazi hujitwalia hapo. Amri ya adrenalini haiendi pajani tu. Kwa hiyo mguu unaoinuliwa mara 50 unaweza kuwa unakula mafuta yaliyotoka mgongoni au mashavuni.

Hayo mafuta yakishachomwa, sehemu kubwa hutoka kwa pumzi. Watafiti wawili wa Australia walipiga hesabu hiyo mwaka 2014: katika kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 hutoka mapafuni kama hewa ya kaboni dioksidi na kilo 1.6 hugeuka maji. Wale wanaojifunga nailoni mapajani kabla ya kwenda kukimbia wanatoa jasho jingi kweli, ila kilichopungua ni maji, na yatarudi wakishakunywa.

Dhana ya kupunguza mafuta sehemu moja imepimwa mara nyingi. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani waliwachukua wacheza tenisi, watu ambao mkono mmoja hupiga mpira kwa miaka na mwingine haufanyi kazi kiasi hicho. Mkono wa raketi ulikuwa mnene zaidi kwa sababu ya msuli, lakini mafuta chini ya ngozi yalikuwa sawa mikono yote miwili. Jaribio ninalolipenda zaidi ni la Chile, lililochapishwa 2013, kwa sababu linahusu miguu. Watu 11 walifanyishwa mazoezi ya mguu mmoja tu kwenye mashine ya kusukuma uzito, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12. Uzito ulikuwa mwepesi, lakini katika kila kipindi walisukuma kati ya mara 960 na 1,200. Mwisho wake mafuta yalikuwa yamepungua kwa jumla, karibu asilimia 5, ila yalipungua mikononi na kwenye kiwiliwili. Mguu uliosukuma maelfu ya mara na ule uliokaa tu haukuonyesha tofauti ya maana. Sasa mara 50 kwenye mkeka sebuleni zitafanya nini?

Tusiwaonee wanaoamini kinyume. Mwaka 2007 huko Denmark ilionekana kwamba damu huongezeka kidogo kwenye mafuta yaliyo karibu na msuli unaofanya kazi, na mafuta hayo huvunjwa kidogo zaidi. Kiasi chenyewe ni miligramu chache kwa kila gramu 100 za mafuta katika nusu saa. Kwa mtu anayetaka suruali imwenee, hicho si kitu.

Halafu kuna suala la jinsia, na hapa ndipo wanawake wengi wanapojilaumu bure. Daktari Mfaransa Jean Vague, wa Marseille, aliandika mwaka 1947 kwamba wanaume kwa kawaida hunenepa juu, tumboni, na wanawake hunenepa chini, kwenye nyonga, makalio na mapaja. Homoni ya estrojeni ina mkono wake hapo. Seli za mafuta za mapaja ya mwanamke zina vipokezi (sehemu za seli zinazopokea amri ya homoni) vingi zaidi vya aina inayozuia mafuta yasivunjwe, kwa hiyo adrenalini ikipita, tumbo huitikia haraka na paja husitasita. Wakati wa kunyonyesha mambo hubadilika na mafuta ya mapajani huachia kwa urahisi zaidi, jambo linalowafanya watafiti waone kwamba akiba hiyo iliwekwa kwa ajili ya mtoto. Mwanamke akikoma hedhi, mafuta mapya huanza kupendelea tumbo.

Ndiyo maana mtu hupungua kilo tano, uso unachongoka, sidiria inapwaya, kitambi kinashuka, na mapaja yako palepale. Watu wanampa pole wakidhani anaumwa, na yeye analalamika kwamba mazoezi hayafanyi kazi. Yanafanya, ila zamu ya mapaja haijafika. Na kitabibu hiyo si habari mbaya. Vague mwenyewe ndiye aliyehusisha mafuta ya juu ya mwili na kisukari na magonjwa ya mishipa, na tafiti za baadaye zimeendelea kuonyesha kwamba mafuta ya nyonga na mapaja hayana madhara hayo, tena hufanya kazi ya kuyahifadhi mafuta yasiende kwenye ini na moyo. Kama ningepewa nichague wapi pa kunenepa, ningechagua mapaja kuliko kitambi bila kufikiri mara mbili.

Haya, anayetaka yapungue afanye nini? Apunguze mafuta ya mwili mzima, na hilo huanzia kwenye sahani. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Mtu wa kilo 70 akitembea saa nzima kwa mwendo wa kawaida anachoma kama 250. Yaani vijiko viwili vya mafuta vilivyoongezwa kwenye mchuzi "ili unone" vinakula karibu matembezi yote. Kabla ya kugusa ugali, ambao siku hizi unalaumiwa kwa kila jambo, tazama chipsi za usiku, soda, sukari vijiko vitatu kwenye chai mara tatu kwa siku, na maandazi ya saa nne. Mboga iongezwe, maharage, dagaa, mayai au samaki visikosekane, maana anayejinyima kupita kiasi hupoteza msuli pamoja na mafuta. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri. Chai na vidonge vya "kupunguza mwili" ni hatari: vingine vinaharisha tu, na vingine vimewahi kukutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara kwenye moyo.

Mazoezi yana kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kuchoma: kutembea kwa kasi, kukimbia na jogging ya mtaani Jumamosi asubuhi, baiskeli, kuogelea, kuruka kamba. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Mwenye mwili mkubwa aanze kwa kutembea, magoti yatamshukuru. Kazi ya pili ni kujenga msuli, na hapo ndipo skwati zinapoingia. Simama miguu ikiwa na upana wa mabega, sukuma makalio nyuma kana kwamba unakaa kwenye kigoda, kifua kikiwa wima, magoti yakielekea ziliko ncha za vidole, visigino visinyanyuke. Shuka unapoweza, panda. Seti tatu za mara 10 hadi 15, siku mbili au tatu kwa wiki, zinatosha kuanzia. Hazitachagua mafuta ya paja, lakini mafuta ya mwili yakipungua, chini yake patakutwa msuli uliokaza badala ya nyama iliyolegea.

Wapo wanaoogopa skwati kwa kusema zinanenepesha mapaja. Katika wiki za kwanza ni kweli mguu unaweza kujaa kidogo, kwa sababu msuli uliochoshwa huvuta maji. Msuli wenyewe hukua polepole, kwa miezi, na ili unenepe sana unahitaji uzito mkubwa na chakula kingi.

Ukitaka kujua kama unapungua, mizani peke yake inadanganya. Chukua tepu ya fundi cherehani, simama, weka alama katikati ya nyonga na goti, zungusha bila kukaza, andika. Pima na kiuno. Rudia baada ya wiki nne, asubuhi, mguu uleule. Kiuno kikishuka na paja lisishuke, unaendelea vizuri.

Mapaja kugusana ni suala jingine. Hilo linategemea sana upana wa mifupa ya nyonga, na wapo wembamba kabisa ambao mapaja yao hugusana. Kama tatizo ni kuchubuka wakati wa joto, vaa taiti fupi chini ya gauni au paka mafuta ya mgando kabla ya kutoka.

Na kuna miguu isiyosikia chakula wala mazoezi. Lipedema, hali iliyoelezwa na madaktari wa Mayo Clinic mwaka 1940, huwapata karibu wanawake tu: miguu yote miwili hunenepa sawasawa hadi kwenye kifundo, nyayo zikabaki nyembamba, na mguu huuma ukiminywa na kuvilia damu kwa kugongwa kidogo. Matende, ambayo watu wa mwambao wanayajua, huvimbisha mguu pamoja na unyayo, na mara nyingi mguu mmoja huzidi mwingine. Yote mawili yanamhitaji daktari. Na mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kupata joto, usiupake dawa wala kuukanda. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, nenda hospitali siku hiyohiyo.